Machinjio ya Alhamisi

Kila anayesikia kwamba nilisoma Kampala miaka ile huniuliza swali lilelile, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu: ati, mji ule na chuo chake vilistahili sifa zote zile? Wengine huuliza kwa huruma, kana kwamba nilialikwa harusi nikafika sufuria zinaoshwa. Mimi hujibu kwamba ndiyo, vilistahili. Hapo hunikodolea macho wakingoja nisifu maktaba, nami kuhusu maktaba sina la kusema ila kwamba paa lake lilivuja.

Siwezi kuficha hali ilivyokuwa. Nilifika chuoni Wahindi wakiwa wameshafukuzwa, na pamoja nao walikuwa wameondoka walimu na madaktari wasiohesabika. Wazungu wengi walikuwa wamefungasha wenyewe. Wasomi wetu nao walikuwa wakipungua mmoja mmoja, huyu kwa kuvuka mpaka, yule kwa njia ambayo hakuna aliyethubutu kuiulizia. Bwenini kwetu maji yalipanda ghorofani alfajiri tu, na aliyechelewa kuamka alishuka na dumu mpaka bondeni. Sukari, chumvi na sabuni vilipatikana kwa magendo. Duka la vitabu, lile ambalo waliotutangulia walilisifu kwamba hukosi kitu, lilikuwa na rafu ndefu zenye chupa za wino na picha za Mkuu wa Nchi katika fremu, kubwa, za kati na ndogo. Hata pale Wandegeya, chini ya chuo, ambapo wanafunzi wamekula kwa bei nafuu tangu enzi, mama muuza chapati alikujibu, "Nnyabo, bibi, ngano hakuna. Iko muhogo tu. Wewe nakula ama naacha?" Nilikula. Muhogo wake ulikuwa mtamu, na mchuzi wa karanga aliongeza bila kuombwa.

Sifa za mlima ule, ambao chuo kilikaa juu yake, nilizipata kwa baba. Alikuwa sajini wa polisi wa barabarani, mtu wa kaskazini aliyeletwa Kampala angali kijana na kupewa chumba katika laini za polisi, zile safu za nyumba za askari kule Nakawa, ambamo sisi watoto wote tulizaliwa. Katika laini zile Mwislamu aliishi ukuta mmoja na Mkatoliki, Mlugbara akapakana na Mwacholi, na lugha yetu sote ilikuwa Kiswahili cha paredi, kifupi, chenye amri nyingi na adabu chache. Hiki ninachokiandika hapa nilikipata baadaye, vitabuni na kwa mume wangu, mtu wa Tanga, ambaye hadi leo hunicheka nikikasirika, kwa maana nikikasirika narudi kwenye kile cha laini.

Kwa muda mrefu baba aliongoza magari kwenye makutano ya Wandegeya. Aliwaona wanafunzi wakiteremka na majoho yao mekundu, akawa anasimamisha magari ili wapite, hata kama wenyewe hawakuonyesha haraka yoyote. Jioni alitusimulia huku akivua viatu.

"Ile watu nabishana tu," alisema. "Kutoka juu mpaka sokoni, nabishana. Moja nasema hivi, ingine nasema hapana. Lakini hakuna napiga mwenzake. Wewe siku moja takwenda bishana namna ile."

Huo ndio uliokuwa ufahamu wake wa elimu ya juu, na nimepita vyuo kadhaa tangu wakati ule bila kusikia ulio bora.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuitamka mbele ya wadogo zangu. Mkubwa wake mmoja kazini alikuwa amekwisha kumwambia kwamba binti anayejua Kiingereza na Kiswahili angefaa sana kupiga taipu makao makuu. Sote tulijua taipu ile ilikuwa ya nini. Watu waliokamatwa waliulizwa maswali katika chumba kimoja, na katika chumba cha pili mtu aliketi akipiga taipu majibu yao, na hakuna taipu yenye kelele za kutosha kuzima sauti inayotoka upande wa pili wa ukuta. Kumkatalia mkubwa miaka ile lilikuwa jambo lisilowezekana. Lakini lilikuwepo jibu moja ambalo hata yeye alilikubali: bado anasoma. Maadamu nilikuwa mlimani, baba alikuwa na la kusema. Nikifeli, nakwenda kupiga taipu.

Nilichagua historia. Idara ile ilikuwa imebaki na mhadhiri mmoja wa maana, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, aliyefuga kuku nyuma ya nyumba yake ya chuo na kupanda muhogo palipokuwa na bustani ya maua ya mzungu aliyemtangulia. Alikuja darasani kwa baiskeli, akinuka kuku kidogo. Angeweza kuondoka; tulisikia ameitwa Nairobi, na hata Ulaya. Akiulizwa kwa nini haendi, alisema kuku wake hawana pasipoti.

Kila Alhamisi mchana alitukutanisha wanafunzi sita ofisini kwake. Semina ile wanafunzi waliiita machinjio, jina lililotungwa kabla mambo hayajaharibika, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulicheka wala wa kulibadilisha. Utaratibu wake ulikuwa huu: mmoja anasoma insha yake kwa sauti, kisha anaweka karatasi chini na kufunga mdomo. Wenzake wanaikatakata. Haruhusiwi kujitetea, hata kwa kukunja uso, mpaka wa mwisho amalize. Halafu anakwenda kuiandika upya, na ni ile iliyoandikwa upya tu inayopewa alama. Alama hizo ndizo zilizoamua mwisho wa mwaka nani anaendelea na nani anafungasha. Walimu walikuja wakaondoka, vitabu viliisha, lakini utaratibu ule ulirithishwa kama shamba la ukoo. Waziri fulani na jaji fulani, tuliambiwa, walichinjwa katika chumba kilekile, na mmoja wao alitapika dirishani.

Sasa sikia nilichofanya.

Kule laini, Jumamosi asubuhi palikuwa na ukaguzi. Ofisa alipita nyumba kwa nyumba akitazama kama uwanja umefagiwa na sufuria zimesuguliwa, na sisi watoto tulisimama mlangoni kwa mstari, mikono ubavuni. Akikutazama na kukuita, unagonga visigino na kuitika. Nilifanya hivyo tangu nilipojua kusimama. Mtu mzima akiniita kwa sauti nzito kutoka nyuma, miguu yangu ilijibu kabla kichwa hakijauliza ni nani.

Alhamisi ya kwanza mhadhiri aliingia nikiwa nimeupa mlango mgongo. "Wewe," alisema, "umetoka shule gani?" Aliuliza kwa Kiingereza, tena kwa upole. Nikaruka, nikagonga visigino, nikabana mikono ubavuni, nikapaza sauti kwa Kiswahili: "Ndiyo, afande!"

Kwingine kokote wangecheka mpaka mbavu ziwaume. Pale hakuna aliyecheka. Katika Kampala ya wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu anayekusimamisha kizuizini na bunduki. Mtu akikisikia nyuma yake hakugeuka, aliongeza mwendo. Na kila mtu alijua kwamba madarasani wamepandikizwa wanafunzi wasio wanafunzi, kazi yao kusikiliza na kupeleka. Niliwaona wenzangu watano wakivitazama viatu vyangu. Msichana wa Masaka, aliyeketi karibu nami, alisogeza kiti chake taratibu kama mtu anayekwepa jua. Baadaye nilikuja kujua kwamba kaka yake, karani wa benki, alikuwa ametiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, katikati ya mji, na watu wenye mashati ya maua, vazi la makachero wa dola, na kwamba waliomwita walimwita kwa Kiswahili.

Habari ilifika bwenini kabla yangu. Nilikuwa nimeahidiwa chuo cha mabishano, nikapewa chuo cha heshima. Nikiketi mezani, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Nikipita koridoni, sauti zilishuka. Sisi wa laini tulikuwa na mgao wa sukari, basi mama aliponiletea mfuko niliuweka kwenye meza ya chai nikasema, jamani, karibuni. Wote walisema asante sana. Kisha wasichana ambao hawakuwa wameonja sukari muhula mzima waliendelea kunywa chai isiyo na sukari, wakinitabasamia juu ya vikombe vyao, na mfuko ukaishia kuliwa na sisimizi. Nilikasirika mpaka nikaumwa kichwa. Nilitaka kusimama juu ya meza ile nipige kelele: baba yangu anaongoza magari! Anapuliza filimbi! Lakini utakanushaje jambo ambalo hakuna aliyekutuhumu nalo?

Na kwenye machinjio walinisifu.

Insha yangu ya kwanza ilihusu misafara ya pembe za ndovu. Ilikuwa mbaya, na nilijua ni mbaya wakati nikiisoma. Nikaweka karatasi chini, nikafunga mdomo, nikangoja kisu.

"Nzuri sana," alisema mtoto wa mchungaji, kijana mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi.

"Ina mpangilio," alisema mwingine.

"Sina la kuongeza," alisema msichana wa Masaka, na kwa jinsi alivyobana midomo nilijua ana mengi ya kupunguza.

Mhadhiri alinirudishia karatasi akiwa ameandika juu yake kwa penseli ya kijani: Hii haijachinjwa. Hakuweka alama. Ya pili nayo haikuchinjwa. Mbaya zaidi, nilikuwa nikiwaharibia na wenzangu. Insha zao zilianza kukimbilia mbali. Mmoja alituandikia habari za Babeli, mwingine kilimo cha shayiri cha Ulaya, ili mradi asitajwe mtawala yeyote anayeweza kufikiwa kwa basi. Tulipongezana kila Alhamisi kama watu walio kwenye mahafali. Mlima uliosifika kwa mabishano ulikuwa umenyamazishwa na visigino vyangu.

Nilikwenda kwa mhadhiri nyumbani kwake. Nilimkuta ameinama kwenye nyasi akitafuta mayai. Nikamwambia nataka kuacha semina ili wenzangu wapate kusema. Nikamweleza na habari ya taipu. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwa sababu alikuwa ameinama na hanitazami. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukiondoka," alisema, "watakuwa wamejifunza kwamba kunyamaza kunafaa. Na hilo litakuwa ndilo somo langu la mwaka mzima."

Akanipa yai bichi. Nilirudi nalo bwenini mkononi, nisijue pa kulipika.

Alhamisi iliyofuata alikuja na karatasi zake mwenyewe. "Leo mtanichinja mimi," alisema, akaketi kwenye kiti cha msomaji. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu tujiunge. Alisoma makala juu ya mfalme wa zamani sana, nchi yake nisiitaje, ambaye washauri wake walitoweka mmoja baada ya mwingine mpaka baraza zima likabaki la kuitikia tu. Alisoma taratibu, kwa sauti ya kawaida. Alieleza kila mshauri alionekana mara ya mwisho wapi, alikuwa amesema nini siku ile, na shamba lake alipewa nani. Sote tulikuwa tumeinama mbele bila kujijua. Na hapo akamaliza hivi: ushahidi uliopo hautoshi kusema zaidi. Akaweka karatasi chini, akafunga mdomo.

"Nzuri sana," alianza mtoto wa mchungaji kwa mazoea. Wengine wakafuata. Mpangilio mzuri. Lugha nzuri. Mhadhiri hakusema neno, sheria ilimbana. Alinitazama tu.

Sijui kama mtu asiyelelewa laini anaweza kunielewa. Sisi hatukufunzwa kumkosoa mkubwa. Mkubwa akikosea unasema ndiyo afande, kisha unatafuta namna ya kulitekeleza kosa lake bila watu kuumia.  Lakini nilikuwa na hasira ya miezi, na hasira yangu, Mungu anisamehe, haijawahi kuomba ruhusa.

"Mwisho ni mbovu," nikasema.

 Nikaendelea, maana kurudi nyuma kulikuwa hakuwezekani tena.

"Umekusanya ushahidi wote, kisha unasema hautoshi. Unatosha. Hata mtoto angejua aliyewaua. Umetufikisha pale penyewe, halafu umeogopa."

"Amemwogopa nani?"

Ilikuwa sauti ya msichana wa Masaka. Tangu Alhamisi ya kwanza hakuwa ameniuliza jambo lolote.

"Mimi," nikasema. "Ameniogopa mimi. Na ninyi pia mnaniogopa. Na mimi nawaogopa ninyi, kwa sababu msiponichinja nitafeli, na nikifeli nitapelekwa kupiga taipu maneno ya watu wanaopigwa. Baba yangu ni polisi, ndiyo. Yuko barabarani na filimbi. Mkitaka kuniamini niaminini, msipotaka basi, lakini niambieni insha yangu ni mbovu. Nimechoka kusifiwa!"

Nje mtu alikuwa akifyeka nyasi.  Msichana wa Masaka alinitazama, usoni safari hii. 

"Insha yako ya misafara," alisema polepole, "ni mbovu kuliko mwisho huu wa mwalimu. Kila sentensi imesimama wima, mikono ubavuni, inangoja kukaguliwa. Hakuna hata moja inayosema wewe unafikiri nini. Misafara ilikwenda, misafara ilirudi. Nani alibeba? Alikula nini? Aliyekufa njiani alililiwa na nani? Hukuuliza. Umeandika kama mtu anayehesabu magari."

"Na ile ya pili utangulizi wake ni mrefu," alisema mtoto wa mchungaji, akavua miwani pamoja na uzi wake. "Nilisinzia. Samahani. Lakini nilisinzia kweli."

"Usiombe samahani," msichana wa Masaka alimkaripia. "Hapa hatuombi samahani."

Wakaendelea alasiri nzima. Walizichana insha zangu zote, aya kwa aya, wakakumbuka makosa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau, maana kumbe kila siku waliyonisifu walikuwa wakiyaweka akiba. Nililia. Walidhani ninaumia, na wabarikiwe, hawakuacha. Sikuwa ninaumia hata chembe. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tena mpaka nilipomzaa mtoto wangu wa kwanza. Mhadhiri alikaa kimya muda wote ule, kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba yeye amekwisha kuchinjwa.

Walipomrudia, walimpa mwisho wa makala yake. Kila mmoja aliutamka kwa namna yake. Sitaandika yaliyosemwa juu ya mfalme yule. Yangetosha kututia sote sita na mwalimu wetu kwenye buti moja, na yalisemwa mbele yangu, kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi.

Tulitoka pamoja, bado tukibishana. Tuliteremka mlima mzima tukibishana kuhusu wapagazi, mimi nikisema walilipwa, msichana wa Masaka akisema nilete ushahidi, mtoto wa mchungaji akitukimbilia nyuma ili asipitwe na neno. Kule chini kwenye makutano, zamu ilikuwa ya baba. Alituona. Aligeuka upande wa barabara ya Kawempe, akainua mkono, akasimamisha lori la ndizi na foleni nzima iliyokuwa nyuma yake. Hakunitazama, kazini hakuwa akitutazama sisi watoto wake. Tulivuka bila haraka.

"Yule ndiye baba yako?" aliuliza msichana wa Masaka tulipofika ng'ambo.

"Ndiye."

Alisimama akamtazama akipuliza filimbi na kumkaripia dereva. "Ana kelele kama wewe," alisema. Kisha akarudi kwa wapagazi.

Insha ya misafara niliiandika upya. Iliporudi, penseli ya kijani ilikuwa imeandika: Imechinjwa. Alama zilikuwa za wastani, na sijawahi kupata nyingine tamu kuliko zile. Nilimwuliza mhadhiri kama ile kasoro ya mwisho aliiacha makusudi ili niione. Alijibu kwa kuniuliza kama mama yangu angependa kuku wa mayai. Mama alimpenda sana kuku yule, alitaga kwa miaka.

Mwisho wa mwaka nilipita. Baba alimwambia mkubwa wake kwamba bado ninasoma, na mkubwa akatafuta binti wa mtu mwingine. Nilishukuru, nikaona aibu kwa kushukuru, na vyote viwili ninavyo hadi leo.

Basi nikiulizwa kama chuo kile kilistahili sifa zake, simfikirii jaji wala waziri. Nawafikiria vijana watano waliokuwa na kila sababu ya kuninyamazia mpaka siku ya mwisho, na hakuna ambaye angewalaumu. Majengo yalikuwa yakibomoka, walimu walikimbia, dola nzima ilikuwa imejengwa juu ya watu kuogopana, na wao wakaamua kuniambia insha yangu ni mbovu. Mji wenye kitu kama hicho ndani yake, hata kama ni katika chumba kimoja kinachonuka kuku, haujasifiwa bure. Nina deni la shukrani kwake na sijui nilipe kwa nani.

Mwaka uliofuata, Alhamisi moja, mhadhiri hakuja. Tulimngoja mpaka saa ya semina ikaisha. Baadaye tulisikia kwamba watu wa mashati ya maua walifika nyumbani kwake asubuhi na gari lisilo na namba, wakakuta kuku tu. Hakuna aliyejua kama alikuwa amekimbia kabla yao au amechukuliwa na wengine njiani. Tulitawanyika bila kuzungumza. Wakati huu sikumkasirikia mtu. Kama ningekuwa wao, ningenishuku mimi kwanza: mambo yale yalisemwa ndani ya chumba, na ndani ya chumba alikuwamo binti wa polisi. Kwa siku kadhaa niliacha mlango wangu wazi kutwa, ili kila apitaye aone kwamba simwandikii mtu yeyote wala sina mgeni.

Jumamosi alasiri mvua ilinyesha kwa nguvu. Msichana wa Masaka aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akafunga mlango, akaketi kitandani kwangu na viatu vyake vilivyolowa.

"Amevuka," alisema. "Yuko salama."

 Angeweza kuishia hapo, na hapo pangenitosha maisha yangu yote. Kaka yake alikuwa hajarudi, na alijua kwamba harudi tena. Mimi nilikuwa mtoto wa laini za polisi, nilikokwenda kula kila Jumapili. Lakini hakuishia hapo. Aliniambia mji. Aliniambia mtaa. Aliniambia jina la shangazi yake aliyempokea mwalimu wetu, na kwamba nyumba ni ya tatu baada ya kanisa, na rangi ya mlango.